Fumbo Halifumbuliwi na Mmoja: Bwana Msa na Wasomaji Wake

Kuna waandishi ambao mtu huwasoma, akafunga kitabu, akakirejesha kabatini, na shughuli yao ikawa imekwisha. Na kuna wengine ambao msomaji wao, akishaufikia ukurasa wa mwisho, hatulii mpaka apate mtu wa kukaa naye kitako na kulizungumza lile alilolisoma. Marehemu Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi katika lugha ya Kiswahili, ni wa kundi hili la pili. Wapenzi wake hutambuana haraka. Likitajwa jina la Bwana Msa barazani, aliyeinamia bao hunyanyua kichwa, mwenye kikombe cha kahawa hukiweka chini, na aliyekuwa akipita njia hupunguza mwendo. Huyu atauliza, "Wewe ulimshuku nani?" Yule atakiri kwamba alimshuku asiyekuwa na kosa mpaka karibu na mwisho, na hapo atajicheka mwenyewe. Mazungumzo ya namna hiyo ni sehemu ya usomaji wenyewe. Bila ya hayo, kitabu kimesomwa nusu.

Hoja inayofuatwa hapa ni hiyo. Riwaya za Bwana Msa ni mafumbo, kwa maana kamili ambayo watu wa mwambao wameijua tangu zama za malenga wa kale. Na fumbo, kwa tabia yake, halitungwi kwa ajili ya mtu mmoja. Lina mfumbaji, lina mfumbiwa, na lina wanaosikiliza pembeni wakingoja kuona nani atashinda. Anayetaka kuzipima riwaya hizi kwa mizani ya haki hana budi kuzitazama pamoja na watu waliozisoma, na namna walivyopokezana.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika magazeti. Mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, hadithi yake ilitoka ya kwanza, na mwaka 1960 ikachapishwa kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Ikafuatiwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973 na Siri ya Sifuri mwaka 1974. Kisha Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa katikati ya muongo huohuo. Na mwisho Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki dunia mwaka 1991. Katika kazi zake za mshahara alikuwa mtu wa kuhariri, yaani wa kutazama maneno ya wengine na kugundua palipokosewa. Si ajabu shujaa wake naye ni mtu wa kutazama na kugundua.

Ugunduzi wa mwanzo kabisa wa mpenzi wa riwaya hizi huweza kuwa mdogo, na huja kwa ghafla. Siku moja anaandika jina la mwandishi kwa herufi za mwanzo tu: M, S, A. Zikisomwa kwa pamoja, ndiye Msa. Jina ambalo kila mtu Unguja analijua kuwa ni Musa kwa matamshi ya nyumbani, kumbe limembeba mwandishi ndani yake, mchana kweupe, mbele ya macho ya wote. Hapana kilichofichwa. Herufi zilikuwapo kwenye jalada tangu siku ya kwanza, na jicho lilizipita. Huo ndio mwenendo wa mwandishi huyu kwa jumla: dalili zake huziweka hadharani, akategemea kwamba watu hawatazami kile wanachokiona kila siku. Na msomaji aliyeligundua jambo hilo afanye nini? Ataondoka pale alipo amtafute mwenzake, ampe karatasi na kalamu, amwambie, "Hebu andika." Hapo wapenzi wawili wamekwishapatikana.

Vichwa vya riwaya zake navyo vimefumbwa kwa mkono huohuo. Duniani Kuna Watu ni maneno yasiyosema kitu kwa anayeyachukua juu juu, kwani nani asiyejua kwamba duniani kuna watu? Lakini yakitamkwa kwa sauti ile ya mtu anayetikisa kichwa, maana hugeuka: kuna watu, na kuna watu. Siri ya Sifuri inamtaka msomaji atafute kilichomo ndani ya alama ya kutokuwamo. Mke Mmoja Waume Watatu inapindua hesabu iliyozoeleka, na hesabu iliyopinduka ni nusu ya kitendawili. Katika Mwana wa Yungi Hulewa sikio husita baina ya ulevi na malezi kabla ya kujua lisimame wapi. Na Kosa la Bwana Msa ni kichwa cha kumtia wasiwasi kila aliyemzoea shujaa huyu: kumbe naye hukosa? Mtu anaweza kukaa na majina haya saba peke yake, bila ya kufungua kitabu, na bado akapata la kubishania mpaka adhana ya magharibi.

Wapenzi wa ushairi watakuwa wamekwishaona mzizi wa ufundi huu umetokea wapi. Mwambao wa Waswahili umelelewa katika mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu, na tungo zake, zilizokuja kuchapishwa mwaka 1940 katika Diwani ya Muyaka, zimejaa maneno yenye sura mbili. Aliyefumbiwa alilazimika kujibu, tena kwa mizani na vina vilevile. Kimya kilihesabiwa kushindwa. Kurasa za mashairi katika magazeti ya karne ya 20 ziliendeleza desturi hiyo: mmoja anauliza, watano wanajibu, wa sita anawasahihisha. Nyimbo za taarabu nazo zilitegemea kwamba yule aliyekusudiwa angejijua, na waliomzunguka wangejua kwamba amejijua.

Hata kitendawili cha watoto kina sheria hiyohiyo. Mmoja husema "Kitendawili!", wenziwe hujibu "Tega!" Wakishindwa kukitegua, hutakiwa watoe mji, na mtegaji huusifu mji aliopewa na kuutamba kwanza, ndipo afichue jawabu. Sheria hii ndogo inafaa izingatiwe na wahakiki wa riwaya ya upelelezi. Msomaji wa Bwana Msa naye ametegewa. Anapewa nafasi ya kujibu sura baada ya sura. Akishindwa, anatoa mji, na Bwana Msa, akiwa na kiko chake, huutamba mji huo kwa raha zake katika sura za mwisho kabla ya kueleza lilivyokuwa. Maelezo yale marefu ya mwishoni, ambayo baadhi ya wahakiki wameyaona kuwa ni mzigo, ni haki ya mtegaji aliyeshinda. Waliokua wakitoa miji usiku mbele ya bibi zao hawakuhitaji kuelezwa kwa nini wanangojeshwa.

Ni kweli kwamba mwandishi huyu hakujifunza kwa malenga pekee. Wahakiki hawakuchelewa kumwona Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle, akitembea nyuma ya Bwana Msa. Kiko kinashuhudia. Najum, sahibu wa Bwana Msa, anakaa palepale alipokaa Dk. Watson, kando ya mwenye akili, akiuliza yale ambayo msomaji anatamani kuyauliza. Inspekta Seif wa polisi, naye, ana dola nyuma yake lakini huhitaji jicho la raia. Ujamaa huo si siri wala si aibu. La maana zaidi ni kuangalia jinsi wapenzi wa wapelelezi hawa wawili walivyokutana.

Mwaka 1893, Conan Doyle, akiwa amechoka na shujaa wake, alimuua katika kisa kimojawapo kilichotoka katika jarida la The Strand. Wasomaji wa Uingereza walihuzunika na kukasirika, wakamwandikia barua za kumlaumu, na baadaye mwandishi akalazimika kumrejesha. Mwaka 1934 wapenzi wa Holmes waliunda jumuiya mjini New York kwa jina la Baker Street Irregulars, na mwaka huohuo ikaundwa nyengine London. Wakawa wanakutana kula, kusoma insha na kubishana juu ya tarehe na majeraha ya watu ambao hawakupata kuishi. Watu wale walikuwa wamesoma kila mtu nyumbani kwake, karibu na moto wake. Walipotaka kuzungumza ilibidi waunde chama, wachague viongozi na wapange siku. Bwana Msa hakuhitaji kuundiwa chama. Alizikuta baraza zimekwishajengwa, mawe yake yamelainishwa na makalio ya vizazi, kahawa imo birikani na wabishi wamekwishakaa. Mtu wa Unguja aliyemgundua Bwana Msa hakulazimika kwenda mbali kuwatafuta wapenzi wenziwe. Alitoka mlangoni tu.

Katika kundi hili mtu anayestahili kutazamwa kwa makini ni Najum. Wengi humchukulia kuwa ni mtu wa kujaza nafasi, mpelelezi apate wa kumsemesha. Lakini lau Najum angeondolewa, riwaya ingebaki na akili bila ya mazungumzo. Yeye ndiye mpenzi wa kwanza wa Bwana Msa. Anamshangaa, anambishia, anakata tamaa naye, anarudi. Anaona yote anayoyaona mwenzake na hafiki anakofika, lakini haondoki. Kwa hivyo kila msomaji anayemkuta Bwana Msa kwa mara ya kwanza huukuta urafiki uliokwishaanza, na huvutiwa mkeka akae. Mwandishi alifanya jambo la busara hapa: alimweka mpenzi wa hadithi ndani ya hadithi, akatufundisha kwamba kutokujua si aibu mradi mtu anaendelea kuuliza.

Uzito wa jambo hili unaonekana vyema katika riwaya ile ya mwanzo. Maiti ya tajiri inaonekana mahali pa mizimu. Kwa msomaji wa mwambao, mahali pa namna hiyo si pambo la kutishia. Ni pango, au mti, au gofu analolijua, penye harufu ya ubani na vitambaa vilivyofungwa, ambapo wazee walipita kwa sauti ya chini. Makunduchi, alikozaliwa mwandishi, si mahali pa kuihesabu mizimu kuwa ni mambo ya vitabuni. Kwa hiyo jawabu lipo tayari kabla ya upelelezi kuanza: mzimu umekasirika. Ni jawabu linalotuliza, kwa sababu halimtaki mtu yeyote amtazame jirani yake. Bwana Msa analikataa. Swali lake ni nani miongoni mwa walio hai aliyekuwa na sababu na nafasi. Conan Doyle naye alipita njia ya jirani katika The Hound of the Baskervilles, iliyotoka 1901 na 1902, ambamo mbwa wa kizimwi anasemwa kuiandama familia moja, na mwisho unaonekana mkono wa binadamu. Lakini ule mzimu wa Unguja una jambo la zaidi. Katika jamii ambamo kila mtu ni jamaa, mkwe au mdai wa mwengine, kumwondolea mzimu lawama ni kuirudisha lawama nyumbani. Waswahili walikwishasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kuikubali methali ni rahisi. Kuikubali mbele ya wenzako barazani, huku mkiwaza majina, ni kazi nyengine. Kisima cha Giningi nacho kimelichukua jina la makao ya wachawi katika masimulizi ya visiwani, jina ambalo Said Ahmed Mohamed alikuja kulitumia kwa shabaha nyengine katika tamthilia yake ya Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990.

Kumpenda mwandishi si kumfumbia macho. Riwaya za katikati zina mafundo mengi kupita kiasi. Sadfa zinalazimishwa kufanya kazi ya sababu, nasaba zinajificha na kujifichua kwa wepesi usioaminika, na msomaji aliyezoea uwazi wa Mzimu wa Watu wa Kale huona kwamba mara nyengine ametegewa bila ya kupewa dalili za kutosha. Huko ni kuvunja masharti. Fumbo zuri likifumbuliwa, aliyeshindwa hujipiga paji la uso. Fumbo baya likifumbuliwa, humtazama mfumbaji kwa jicho la shaka.

Lawama nzito zaidi ilitoka upande mwengine. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, riwaya ya Zanzibar iliingia katika kipindi cha neema kubwa. Mohammed Suleiman Mohamed aliandika Kiu na Nyota ya Rehema, Adam Shafi akaandika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, na Said Ahmed Mohamed akaja na Dunia Mti Mkavu. Waandishi hawa waliuliza nani anamiliki shamba na nani analilima. Mbele ya maswali hayo, Bwana Msa na kiko chake alionekana kama mtu aliyechelewa kupewa habari, na wahakiki waliopima fasihi kwa kipimo cha tabaka walimweka rafu ya chini, pamoja na vitabu vya kupitishia wakati. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ulimwengu wa matajiri wenye mashamba umo katika riwaya zake bila ya kuulizwa kwa ukali unaostahili.

Lakini kuna jambo ambalo kipimo hicho hakikuliona. Riwaya ya upelelezi inamfundisha msomaji asipokee jawabu kwa sababu tu limetolewa na mwenye mamlaka, awe mganga, tajiri au askari. Inamtaka aulize ushahidi uko wapi. Tena Bwana Msa hafanyi hivyo kwa bastola. Akilinganishwa na Willy Gamba, shujaa wa Elvis Musiba aliyejitokeza mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, mtu wa mbio na risasi, yeye ni mtu wa kukaa, kutazama na kuzungumza. Silaha yake ni swali. Jamii ambayo watu wake wanakaa pamoja jioni na kuulizana kwa nini jawabu la rahisi si jawabu la kweli haijapoteza wakati wake.

Limebaki tatizo moja, nalo ndilo linaloyapa mapenzi haya ladha yake na uzito wake. Anayempenda mwandishi wa aina hii anataka kuwapa wengine kile alichokipata, lakini akikisema amekiharibu. Mpenzi wa shairi anaweza kukariri ubeti mbele ya mgeni na shairi lisipungue kitu. Mpenzi wa Bwana Msa akitaja jina la muuaji amemnyang'anya mwenzake kitabu kizima. Basi barazani kukazuka adabu isiyoandikwa: waliosoma huzungumza kwa pembeni, kwa vijineno na vicheko, mmoja akimkonyeza mwenziwe, wakati asiyesoma amekaa katikati yao akijiona ameachwa. Kukaa huko ndiko kunakompeleka kukitafuta kitabu. Hakupewa hadithi, amepewa kiu. Na akirudi baada ya siku chache, uso wake humtangulia. Hahitaji kusema kwamba amemaliza.

Adabu hii inaweza kupotea. Kijana anayeanza na mwongozo wa mtihani, ambamo muuaji ametajwa katika muhtasari pamoja na dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, amepewa jawabu la kitendawili asichotegewa. Atafaulu skuli na hatamjua Bwana Msa. Hatapata kumshuku asiyekuwa na kosa, na kwa hiyo hatapata kujicheka. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani aliyewahi kumshuku mtu kwa yakini, kisha akaonyeshwa kwamba amekosea, huwa mwangalifu zaidi siku anapomhukumu jirani yake.

Mwenye kumpenda Muhammed Said Abdulla ana wajibu mmoja tu mbele ya asiyemjua: akitie kitabu mkononi mwake na kumwachia. Asimwambie habari za tajiri, wala za mzimu, wala za Inspekta Seif. Akiona lazima aseme neno, basi ampe karatasi na kalamu, amtajie majina matatu ya mwandishi, na kumwomba aandike herufi tatu za mwanzo. Kisha anywe kahawa yake na angoje.